Kwa nini General Motors haina jina la mtu

Swali: Mimi ni mkazi wa Nairobi, na kwa miaka mingi nilikuwa nikipita mbele ya kiwanda kilichoandikwa General Motors, ambacho sasa kimeandikwa Isuzu. Ford ni jina la Henry Ford na Chrysler ni jina la Walter Chrysler. Hata Chevrolet na Buick nasikia ni majina ya watu. Mbona kampuni inayozimiliki Chevrolet na Buick haina jina la mtu? Mwenyewe alikuwa nani, na je, ni kweli kwamba alifukuzwa mara mbili katika kampuni aliyoiunda kwa mikono yake?

Jibu: Ndugu msomaji, aliyeiunda alikuwa William Crapo Durant, na ni kweli kwamba alitoka mara mbili, mwaka 1910 na mwaka 1920, ingawa neno "kufukuzwa" halielezi vizuri yaliyotokea, kwa sababu mara zote mbili aliwakabidhi usukani watu waliokuwa wamelipa madeni yake. Hata hivyo, kuna neno moja katika swali lako ambalo sikubaliani nalo, nalo ni "mikono yake". Henry Ford alikuwa fundi aliyejichafua kwa grisi kabla ya kuwa tajiri. Durant hakuwahi kubuni injini wala kukaza nati. Alikuwa muuzaji, na kampuni yake aliijenga kwa kununua kampuni za watu ambao majina yao yalikuwa yamekwisha kuandikwa kwenye magari. Jina la jumla lisilo la mtu yeyote lilikuwa mwavuli uliofaa kuyafunika majina yote hayo.

Ili tabia hiyo ieleweke, inafaa kuanza kabla ya magari. Durant alizaliwa Boston mwaka 1861, lakini alikulia Flint, mji wa jimbo la Michigan ambako babu yake mzaa mama, Henry Crapo, alitajirika kwa mbao kabla ya kuchaguliwa kuwa gavana. Kijana huyu aliacha shule kabla ya kumaliza, akauza biri, akauza bima, na akafanikiwa katika kila alichouza. Mwaka 1886 rafiki yake alimpandisha kwenye kigari cha magurudumu mawili cha kukokotwa na farasi, naye akashangaa jinsi springi zake zilivyoyameza mashimo ya barabara. Alisafiri hadi Coldwater kilikotengenezwa, akanunua haki ya kukitengeneza kwa dola 1,500 zilizotokana na mkopo wa benki, kisha akashirikiana na Dallas Dort kufungua biashara. Hawakuwa na kiwanda. Durant alichukua kigari kimoja cha mfano, akakipeleka kwenye maonyesho, akarudi na oda za mamia ya vigari, na hapo ndipo walipomtafuta mtengenezaji wa mjini Flint awaundie. Utaratibu huo wa kuuza kwanza na kutengeneza baadaye ndio uliomtajirisha, na nitaeleza mbele kwamba ndio huohuo uliomwangusha. Kufikia mwanzo wa karne ya 20, kampuni ya Durant-Dort ilikuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa kabisa wa magari ya farasi nchini Marekani.

Magari ya injini hayakumvutia hapo awali. Aliyaona yana kelele na harufu mbaya. Aliyemwingiza katika biashara hiyo ni shida ya majirani zake. David Dunbar Buick, mzaliwa wa Scotland aliyekuwa na biashara ya vifaa vya mabomba na vyoo mjini Detroit, alikuwa amepata fedha kwa mbinu ya kupaka hodhi za kuogea za chuma ile rangi nyeupe ngumu inayong'aa, kisha akazimaliza fedha hizo zote katika majaribio ya injini. Injini yenyewe ilikuwa nzuri sana: vali zake zilikaa juu ya silinda badala ya kandoni, ikatoa nguvu nyingi kuliko injini nyingine za ukubwa wake. Kilichokosekana ni mtu wa kuiuza. Wenye kiwanda cha mikokoteni cha Flint walioinunua kampuni hiyo walielemewa na madeni, wakamwendea Durant. Alilijaribu gari hilo kwa majuma kadhaa katika barabara mbovu za Michigan, akiliharibu na kulitengenezesha, na tarehe 1 Novemba 1904 akachukua uongozi. Mwaka huo Buick ilikuwa imetengeneza magari yasiyofika 40. Katika maonyesho ya New York ya mwanzoni mwa 1905, Durant alichukua oda za magari 1,108. Miaka minne baadaye Buick ilikuwa miongoni mwa kampuni zilizouza magari mengi zaidi Marekani, na David Buick mwenyewe alikuwa akielekea mlangoni. Alifariki Detroit mwaka 1929 akiwa maskini, huku jina lake likipita barabarani kila siku.

Sasa tuje kwenye kampuni unayoiulizia. General Motors iliandikishwa katika jimbo la New Jersey tarehe 16 Septemba 1908 kwa mtaji wa dola 2,000 tu, ambao ulipandishwa hadi dola milioni 12.5 katika siku chache zilizofuata. Jina la Durant halikuwamo miongoni mwa waliosaini hati za kuiandikisha, na rais wa kwanza wa kampuni alikuwa mtu mwingine, George Daniels, aliyekaa takriban mwezi mmoja. Durant alijichukulia cheo cha makamu wa rais. Nalitaja jambo hili kwa sababu linajibu sehemu ya swali lako kuliko maelezo mengine yoyote: mtu aliyeiunda General Motors hakuwa na cheo cha rais wake hadi mwaka 1916.

Kampuni hiyo haikuwa ya kutengeneza kitu. Ilikuwa ya kumiliki hisa za kampuni nyingine, na ilizinunua zaidi kwa hisa zake yenyewe, yaani kwa karatasi, kuliko kwa fedha taslimu. Ilianza kwa kuichukua Buick. Kabla ya 1908 kwisha ilikuwa imeinunua Olds, iliyoanzishwa na Ransom Olds, ambaye wakati huo alikuwa ameshatoka humo na kuanzisha kampuni ya pili kwa herufi za mwanzo za majina yake, REO. Mwaka 1909 ilinunua Oakland, na kisha Cadillac. Hii ya mwisho si jina la mwenye kiwanda: Cadillac alikuwa Mfaransa aliyeuanzisha mji wa Detroit mwaka 1701, na kampuni iliyopewa jina lake ilitokana na mabaki ya kampuni ambayo Henry Ford alikuwa ameiacha mwaka 1902. Henry Leland, fundi hodari aliyeiendesha Cadillac, alidai alipwe fedha taslimu wala si hisa, akalipwa. Pamoja na hizo zilinunuliwa kampuni za malori, za akseli, za taa na za plagi. Mwendesha baiskeli wa Kifaransa Albert Champion aliletwa Flint kutengeneza plagi, lakini jina lake lilikuwa limebaki kwa washirika wake wa zamani wa Boston, ndiyo maana plagi zake ziliitwa AC, herufi mbili tu za majina yake.

Hata Ford ilikaribia kununuliwa. Mwaka 1909 Henry Ford alikubali kuuza kwa dola milioni 8, milioni 2 zikilipwa mkononi. Bodi ya General Motors iliafiki, lakini mabenki yalikataa kuitoa ile milioni 2 kwa maoni kwamba Ford haikustahili bei hiyo. Mimi huwalaumu mabenki kwa mengi, lakini kwa hili siwezi kuwalaumu sana, kwa sababu mwaka huohuo Durant alitoa hisa zenye thamani ya dola milioni kadhaa kuinunua kampuni ya taa ya Heany, ambayo hataza yake, yaani hati ya haki ya uvumbuzi, iligunduliwa baadaye kuwa imepatikana kwa udanganyifu. Mtu anayenunua kila kitu hukutana na vizuri na vibovu kwa kasi ileile.

Mauzo yalipopungua mwaka 1910, mambo yaliharibika mara moja. Durant alikuwa na kampuni zaidi ya 20 lakini hakuwa na akiba ya fedha, wala hakuwa na hesabu za pamoja za kumwonyesha ni kampuni ipi inadaiwa kiasi gani. Mabenki ya Boston na New York yalikubali kuiokoa kwa masharti makali: General Motors ilisaini deni la dola milioni 15, ikapokea milioni 12.75 tu, ikatoa na hisa juu yake, na uongozi ukawa chini ya mabenki kwa miaka mitano. Durant alibaki mwanahisa na mjumbe wa bodi asiye na sauti. Hiyo ndiyo mara ya kwanza.

Kilichofuata kinafanana na hadithi zetu za sungura. Mwaka 1911, akiwa nje ya uongozi, Durant alishirikiana na Louis Chevrolet, mzaliwa wa Uswisi aliyewahi kuiendeshea Buick katika mashindano, wakaanzisha kampuni iliyobeba jina la dereva huyo. Chevrolet alitaka gari kubwa la kifahari, na la kwanza lilikuwa hivyo, likiuzwa kwa zaidi ya dola 2,000. Durant alitaka gari la bei nafuu la kupambana na Ford. Husimuliwa pia kwamba Durant alimtaka aache sigara zake na kuvuta biri kama mkubwa wa kampuni, na kwamba dereva huyo alimjibu kuwa amemuuzia gari na jina, hakumuuzia nafsi yake. Kwa vyovyote vile, Louis Chevrolet aliondoka mwaka 1913, akauza hisa zake na kuliacha jina. Alifariki mwaka 1941 bila kunufaika na utajiri wa kampuni hiyo.

Mwaka 1915 lilitangazwa gari la Chevrolet lililoitwa 490, kwa sababu bei yake ilikuwa dola 490, sawa na bei ya Ford wakati huo. Lilipouzika vizuri, hisa za Chevrolet zikapanda, na Durant akazitumia kama fedha: aliwaahidi wanahisa wa General Motors kwamba kila atakayeleta hisa moja atapewa hisa tano za Chevrolet. Watu wakaleta. Wakati huohuo familia ya du Pont, matajiri wa baruti wa Delaware, ilikuwa imenunua hisa za General Motors, na Pierre du Pont akawekwa kuwa mwenyekiti wa bodi ili azuie ugomvi baina ya Durant na mabenki. Kufikia Mei 1916 Chevrolet, kampuni changa ya miaka mitano, ilikuwa na hisa nyingi kuliko nusu ya General Motors nzima. Mtoto alikuwa amemmiliki mzazi, na hali hiyo iliendelea hadi mwaka 1918, General Motors ilipoichukua Chevrolet na kuifanya idara yake.

Safari hii Durant alikubali kuwa rais. Kwa pande mbili aliiharibu kampuni na kwa pande mbili aliijenga, na haki inanilazimisha kuvitaja vyote. Aliunda kundi la kampuni za vipuri lililomleta Charles Kettering, mvumbuzi wa starta ya umeme, na Alfred Sloan, mwenye kiwanda cha beringi ambacho Durant alikinunua kwa dola milioni 13.5. Mwaka 1919 ilianzishwa kampuni ya kuwakopesha wanunuzi wa magari, jambo lililokuja kubadili biashara yote. Lakini hakuweza kukaa na watu wenye akili zao. Charles Nash, aliyekuwa rais enzi za mabenki, aliondoka na kuanzisha kampuni yenye jina lake. Leland aliondoka Cadillac mwaka 1917, akaanzisha Lincoln, ambayo baadaye ilinunuliwa na Ford. Walter Chrysler, aliyeiongoza Buick kwa mshahara wa dola 500,000 kwa mwaka, sehemu kubwa ikiwa hisa, alichoshwa na Durant aliyekuwa akibadili maamuzi yake bila kumwarifu, akaondoka. Hilo jina la Chrysler ulilolitaja katika swali lako lilipata umaarufu wake wa kwanza ndani ya General Motors.

Mwaka 1920 uchumi uliporudi nyuma baada ya vita, Ford alikata bei ghafla, na viwanda vya General Motors vikajaa magari na malighafi visivyo na mnunuzi. Bei ya hisa ilianza kuporomoka. Durant aliichukulia anguko hilo kama jambo la heshima yake binafsi, akawa ananunua hisa za kampuni kwa fedha za kukopa kwa madalali ili bei isishuke, akiweka hisa hizohizo kuwa dhamana ya mikopo. Kila bei iliposhuka, madalali walidai dhamana zaidi. Kufikia Novemba alikuwa akidaiwa zaidi ya dola milioni 20, na iliyoogopwa si hasara yake peke yake: kama angefilisika, hisa zile zote zingemwagwa sokoni kwa siku moja na kuwavuta wengine. Du Pont na benki ya J.P. Morgan walilipa madeni yake kwa kuzichukua hisa zake nyingi, naye akajiuzulu mwisho wa mwezi huo. Hakurudi tena.

Waliobaki walikuwa na kampuni kubwa isiyo na mpangilio, na hapa sifa inamstahili Sloan. Kabla ya anguko alikuwa ameandika waraka kuhusu namna ya kuiongoza kampuni hiyo, akampa Durant, ambaye aliusifu na kuuweka mezani. Pierre du Pont aliutumia. Kila idara iliachiwa kuendesha kazi zake, lakini fedha, hesabu na mipango mikubwa vikasimamiwa kutoka makao makuu. Washauri walipopendekeza mwaka 1921 kwamba Chevrolet ifungwe, Sloan alipinga. Akiwa rais kuanzia 1923, aliyapanga yale majina yaliyokusanywa ovyo kuwa ngazi ya bei: Chevrolet chini, kisha Oakland na baadaye Pontiac, Oldsmobile, Buick, na Cadillac juu kabisa, ili mteja anayepanda kimaisha apande pia ndani ya kampuni ileile. Ford iliyokuwa ikiuza gari la aina moja tangu 1908 ililazimika kulisimamisha mwaka 1927, na mwaka huo Chevrolet ikaipita. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1930 hadi 2008, hakuna kampuni ya magari iliyoizidi General Motors kwa mauzo duniani.

Ukiniuliza basi "mwenyewe" ni nani baada ya Durant, jibu halina mtu mmoja. Familia ya Ford hadi leo ina hisa za aina ya pekee zinazoipa asilimia 40 ya kura katika kampuni yake. General Motors haina familia ya namna hiyo. Du Pont walikuwa na takriban robo ya hisa, lakini Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1957 kwamba umiliki huo ulikiuka sheria ya ushindani, nazo zikagawanywa. Tarehe 1 Juni 2009 kampuni iliomba ulinzi wa mahakama ya mufilisi, na ilipotoka Julai 10 serikali ya Marekani ndiyo iliyokuwa na asilimia 60 hivi ya hisa, huku mfuko wa afya wa wastaafu wa chama cha wafanyakazi ukipata asilimia 17.5. Chama hicho ndicho kilichotambuliwa mwaka 1937 baada ya wafanyakazi kukaa ndani ya viwanda vya Flint siku 44 bila kutoka. Serikali iliuza hisa zake za mwisho Desemba 2013, ikiwa imepata hasara ya zaidi ya dola bilioni 10.

Kiwanda unachokipita Nairobi ni tawi la hadithi hiyohiyo ya hisa. General Motors ilianza kununua hisa za Isuzu ya Japani mwaka 1971, na kampuni yake ya Kenya, iliyoundwa katikati ya miaka ya 1970, iliunganisha zaidi malori na mabasi ya Isuzu. Wazee watakukumbusha pia Bedford: lori hilo lilitoka Vauxhall ya Uingereza, iliyonunuliwa na General Motors mwaka 1925. Mwaka 2017 Wamarekani waliiuzia Isuzu asilimia 57.7 waliyokuwa nayo Nairobi, na bango likabadilishwa.

Durant alianzisha kampuni nyingine mwaka 1921, na mara hii akaiita Durant Motors. Ilikufa katika miaka ya mdororo mkuu wa uchumi. Mwaka 1936 alitangazwa mufilisi, na mwaka 1940, akikaribia miaka 80, alifungua ukumbi wa mchezo wa kuviringisha mipira mjini Flint, karibu na viwanda vya Buick. Alifariki New York mwezi Machi 1947.

Kuna mahali pamoja ambapo General Motors ilikaribia kubeba jina lake. Makao makuu ya kampuni mjini Detroit yalianza kujengwa mwaka 1919 kwa jina la Durant Building, na waashi walikuwa wamekwisha kuchonga herufi D kwenye mawe ya kuta za nje alipoondoka. Jina lilibadilishwa, mawe hayakubadilishwa. Leo ni ofisi za serikali ya jimbo la Michigan, D zikiwa bado ukutani, na jengo linaitwa Cadillac Place.